Digrii Arobaini na Tano

...wala usilalie ubavu, alisema nesi, si wa kulia si wa kushoto, uso uangalie dari, kichwa kiwe juu, digrii arobaini na tano, siku saba mfululizo, na kinyozi aliitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka kwamba kichwa chenyewe ndicho hakitakiwi kutikiswa, nesi akacheka, yeye hakucheka, na sasa huyu hapa, mchana wa pili tangu apandikizwe nywele, yumo ndani ya kiti chake mwenyewe, kiti cha kunyolea, mlango wa bati umeteremshwa mpaka chini, taa zimezimwa, kiti amekilaza hadi jino la tatu la wenzo wake, jino la ndevu, maana kwa miaka ishirini na sita kila aliyekuja kunyoa ndevu amelazwa jino la tatu na hakuna aliyewahi kulalamikia shingo, na kama hiyo si digrii arobaini na tano basi ni jirani yake wa karibu sana. Kile cha kuegemeza kichwa amekifungua na kukiweka sakafuni. Utosi usiguse kitu. Shingo peke yake ndiyo imeshikwa, na ule mto wa wasafiri, wa kuzunguka shingoni, ambao aliununua akasema ni wa safari, muuzaji akamuuliza anasafiri kwenda wapi, akasema mbali, mbali wapi, mbali tu... mtu huwezi kununua mto bila kuhojiwa. Shati amevaa la vifungo, maana la kuvulia kichwani limepigwa marufuku, amelivaa tangu jana, linaanza kunukia mwenyewe. Kioo amekipa mgongo. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichofanya alipoingia alfajiri, kukizungusha kiti kikaipa mgongo ile kazi yake yote, vioo, mashine, vitana, chupa za spiriti, kikatazama mlango, kwa sababu aliona mara moja tu kilichoko juu ya kichwa chake na mara moja ilitosha, vitone vyekundu vimepangwa safu kwa safu kama kitalu cha mchicha, na chini ya kitalu paji la uso limevimba hadi nyusi, na kisogoni, kule walikozitoa, kumenyolewa kwa mkono wa mtu ambaye hajui kunyoa. Hilo lilimuuma kuliko sindano. Daktari anajua kuchimba nywele moja moja na kuzipanda elfu mbili, lakini kunyoa hajui, kaacha ngazi pale juu ya sikio la kushoto, na kinyozi hawezi kuirekebisha, hawezi hata kuigusa.

Inawasha. Hapana, haiwashi. Ukisema inawasha ndipo inapowasha, fikiria kitu kingine, fikiria... usikune, alisema nesi, ukikuna umeng'oa, na ukiing'oa hiyo hairudi, tumekuchukulia kisogoni na kisogoni hakuna akiba ya bure. Ndiyo maana amejifunga mikono. Ukimwambia mtu atakucheka mpaka akae chini, mzee wa miaka hamsini na tatu amejifunga kwenye kiti chake kwa taulo mbili za kazi, ya kulia aliifunga kwa mkono wa kushoto, ya kushoto akaifunga kwa meno, lakini usiku wa kwanza alilala nyumbani, au tuseme alijaribu, kaweka mito mitatu mgongoni, mmoja wake na miwili ya upande ule wa pili wa kitanda, akasinzia ameketi kama mlinzi wa benki, na alipozinduka alikuwa ameteleza hadi chini, kalalia ubavu wa kulia, kageukia kule anakogeukia miaka yote, na vidole vipo kichwani, na kwenye foronya tone la damu, dogo, tone ambalo hata mbu angeona haya kulidai. Aliliangalia lile tone mpaka kukakaribia kupambazuka. Nywele ngapi hizo, moja, tano, hakujua, na hakukuwa na mtu wa kumwambia hebu niangalie hapa juu, pametokea nini, maana mtu hawezi kujiona utosi, kinyozi anajua hilo kuliko wote, ndiyo maana watu humlipa ashike kioo cha pili nyuma ya vichwa vyao. Akaja dukani mitaa ikiwa mitupu. Kiti kina mikono pande zote mbili, mtu hawezi kugeuka humu, amewaona wanaume wazima wakikoroma ndani ya kiti hiki na hakuna aliyewahi kujigeuza, kwa hiyo ni kiti salama kuliko kitanda chochote, na usingizi ungekuja, kama ungetaka kuja, lakini tangu alfajiri yumo katika usingizi wa mang'amung'amu, anashuka hatua mbili anapanda tatu, na kila anaposhuka shingo inalegea na mwili unataka kwenda kulia, upande uleule, mwili hausikii la nesi.

Nje fundi viatu anagonga soli. Watu humwita Gundi, maana vidole vyake havijawahi kuachana nayo, na meza yake imeegemea ukuta wa duka, hatua mbili kutoka mlangoni, hata akikohoa kinyozi husikia kohozi limefika wapi. Gundi hajui. Aliambiwa kwa simu juzi, nimesafiri kidogo, naenda kwa dada yangu, wateja wakija waambie wiki ijayo, na Gundi akasema haya, msalimie, na kinyozi akasema salamu zitafika. Hakuna anayejua. Wakijua itakuwa mchezo wa mwaka mzima, wale vijana wa Jumamosi waliomzoea, kinyozi mbona wewe mwenyewe shamba limekauka, unatukata sisi kwa wivu, na yeye huwajibu kwamba fundi mzuri hajikati mwenyewe, wanacheka, anacheka, mashine inanguruma. Alijiambia ni kwa ajili ya kazi. Mteja anataka kuona, kichwa cha kinyozi ni tangazo. Alimwambia hivyo hata daktari, ni biashara daktari, na daktari akaandika kitu, na nesi akaleta fomu, jina, umri, dawa unazotumia, mzio, na pale chini, nani atakuwa na wewe nyumbani siku za mwanzo, kukupulizia maji ya dawa, kukuangalia ukilala usije ukageuka, kalamu ikasimama. Nesi akamtazama. Una mtu? Ninaye, akasema. Akaandika, mke. Na namba ya mke? Akaandika na namba. Ilikuwa namba ya simu ya dukani, ile ndogo ya vitufe inayokaa kwenye droo ya vitana, inayotumiwa na wateja kuuliza kama kuna foleni. Aliiandika kwa mwandiko mzuri sana, kila tarakimu imesimama peke yake. Nesi akasema vizuri, tutampigia mchana wa siku ya pili tumuulize unavyolala, na kinyozi akasema mpigieni tu, hana shida.

Hodi... nani huyo. Hapana, si hodi, ni Gundi ameacha kugonga na kuna sauti nyingine, ya taratibu, kila neno limepewa nafasi yake, sauti iliyozoea kuandikisha imla. Mwalimu. Leo Alhamisi. Kila baada ya Alhamisi mbili huja kunyolewa, jamani, amesahau, kati ya watu wote aliopaswa kuwaarifu kwa mdomo wake ni mwalimu, mstaafu yule, shati limepigwa pasi, nywele nyeupe zimebaki kidogo juu ya masikio, ambazo mtu angezinyoa kwa dakika nne, na kinyozi humnyoa kwa dakika arobaini, kwa sababu kwenye dakika ya tano mwalimu husinzia na kinyozi hana moyo wa kumwamsha, hupitisha mashine imezimwa, huku na huku, ili sauti ya viatu vyake isikike kana kwamba bado anafanya kazi, na mwalimu akiamka husema, leo umenitendea haki.

"Kasafiri, mwalimu," Gundi anasema. "Kaenda kwa dada yake."

"Kwa dada yake."

"Ndivyo alivyoniambia."

Kinyozi anabana pumzi, kana kwamba pumzi yake inaweza kupita chini ya bati ikamsaliti. "Mimi ninavyojua," mwalimu anasema, "ana kaka wawili na dada hana," na kinyozi anafumba macho, kope zilizovimba zinagoma kukutana vizuri, miaka tisa ya porojo kitini, mtu anakueleza watoto wake na wewe unamweleza ndugu zako, unadhani unapitisha muda, kumbe mwenzako anaweka kichwani, na katika uongo wote uliokuwepo duniani, mazishi, harusi, shamba, yeye kaenda kuchagua dada ambaye mama yake hakumzaa. "Basi labda binti wa baba mdogo," Gundi anasema, "si ni dada yule?" Mungu akuweke, Gundi. "Labda," anasema mwalimu, kwa ile labda ambayo bila shaka wanafunzi wake waliiogopa kuliko fimbo. Benchi linalia. Amekaa. Usikae, mwalimu, nenda nyumbani, njoo wiki ijayo... wiki ijayo kutakuwa na vigaga kichwani, njoo mwezi ujao, njoo baada ya mwaka, daktari alisema zitaanguka kwanza zote, usishtuke, kisha zitaota upya, mwaka mzima ndio utaona sura yake, na kinyozi alisema mwaka si mwingi. "Nitapumzika kidogo," mwalimu anamwambia Gundi, "sina ninakokwenda." Alilisema hilo bila huzuni yoyote, kama mtu anayetaja saa, na lilimwingia kinyozi kifuani likakaa, maana yeye mwenyewe hana anakokwenda pia, tofauti yao ni bati tu, mmoja nje kwenye benchi anasubiri kuguswa kichwa na mwingine ndani kwenye kiti anaogopa kuguswa kichwa, na huyo wa ndani, tangu lini... hebu hesabu vizuri, wewe unayeshika vichwa ishirini kwa siku, unavigeuza, unavipulizia, unavifuta kwa brashi, tangu lini mtu alikushika cha kwako? Nesi hahesabiwi. Nesi alikuwa na glavu.

Ndipo droo ikaanza kunguruma. Mwanzoni alidhani ni kichwa chake, kisha vitana vikaanza kucheza, na baada ya vitana ule mlio, mlio wa kizamani wa simu ya vitufe, mkali, usio na aibu, unajaza duka zima na kutoka nje. Mchana wa siku ya pili. Nesi anampigia mke. Kinyozi akavuta mkono wa kulia, taulo ikakaza, akavuta wa kushoto, fundo la meno lile, kalifunga vizuri mno, ana meno bora kuliko alivyodhani, na kulifungua lazima ainamishe kichwa chini, na kuinamisha kichwa ni jambo la pili kwenye orodha, baada ya kukuna, damu itashuka mbele, paji litazidi kuvimba, kwa hiyo amelala pale kwenye jino la tatu kajitia kitanzi kwa mikono yake, na simu ya mkewe inalia hatua tatu nyuma yake. Na kama ungeifikia, ungesema nini? Ungejibu kwa sauti ya nani? Ungeibana pua, useme eeh nesi, hajambo, kalala vizuri tu, namwangalia... namwangalia usiku kucha, hakugeuka hata mara moja, nimekaa hapa pembeni yake. Alicheka kidogo, kwa pua, na kicheko kikageuka katikati ya njia kikawa kitu kingine, akakimeza.

"Simu inalia ndani," mwalimu anasema.

"Kaisahau huyo. Ya wateja hiyo."

"Na kufuli liko wapi?"

"Kufuli gani?"

"La mlango huu. Aliyesafiri hufunga mlango kwa nje, Gundi. Wewe umekaa hapa tangu asubuhi hukuliona pengo lake?"

Simu ikakoma. Kinyozi alisikia jinsi Gundi anavyonyanyuka, kigoda kikikwaruza, hatua mbili, kisha mwalimu akasema, "Kaa, kaa, fanya kazi yako," kwa sauti ya chini, na Gundi akarudi, na kwa muda kukawa hakuna anayegonga soli. Wanajua. Au mwalimu anajua na Gundi anakaribia kujua. Ajabu ni kwamba aibu ile aliyoitengenezea mpango wa siku saba, mto wa wasafiri, dada wa kubuni, alfajiri ya kunyata kama mwizi wa duka lake mwenyewe, sasa imefika na si kubwa hivyo, imekaa tu hapo pamoja naye, kuna kingine nyuma yake kikubwa zaidi kinachosukuma, na ni ile simu, si kwamba ililia, ni kwamba ililia ikakoma na hakukuwa na mtu. Alimwandika mke kwenye fomu naye mke yupo. Hilo ndilo linalomchanganya, hakusema uongo, mke anaye, hai, mzima, hawajaachana, hawajagombana hata, mwaka juzi binti yao alijifungua, mama watoto akafunga sanduku, akasema wiki sita, nimsaidie mpaka apate nguvu, akambusu shavuni mbele ya dereva wa teksi, na wiki sita zikawa miezi, mtoto akaanza kukaa, binti akarudi kazini, mtoto akaanza kutembea, na kila Jumapili simu, umekula, nimekula, duka vipi, linakwenda, mjukuu huyu hapa msalimie babu, na mjukuu huona upara umejaa kioo cha simu na kupiga kelele za furaha kana kwamba ni mpira. Akajisemea ni upara. Mtu mwenye nywele angerudiwa. Kwenye picha ya harusi ana nywele hizo, nzito, kitana kingesimama, na mama watoto anamtazama kwa pembeni kwa jicho ambalo hajaliona tena, akakata kauli, zirudi nywele, aje aone kwenye simu Jumapili moja, aseme kitu, aseme, baba watoto, umekuwaje, nakuja nikuone mwenyewe.

Lakini aliuliza. Ngoja... aliuliza yule. Kinyozi anafumbua macho na dari ipo palepale, na doa la maji kwenye dari, na yeye hataki kulikumbuka hili lakini kiti hakigeuki na hana pa kugeukia. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa nne, alisema, mtoto sasa anakula vizuri, nije? Na yeye akasema, kaa tu, bado mdogo huyo, mimi niko sawa. Mara ya pili alisema, binti kapata msichana wa kazi, unataka nirudi? Na yeye alikuwa na mteja kitini, mashine mkononi, akasema kaa tu mama watoto, usijisumbue, niko sawa kabisa, na aliongeza kabisa kwa sababu mteja alikuwa anasikiliza, au kwa sababu aliona ni uungwana, mwanamume hamwombi mtu, humrahisishia mtu. Na mara ya tatu hakuuliza, alisema tu, basi uko sawa wewe, na yeye akasema niko sawa, na kulikuwa na kimya kwenye simu, kimya kirefu, alidhani mtandao umekatika, akasema haloo, haloo, na mama watoto akasema nipo, nakusikia. Tangu hapo hajauliza. Miezi kumi na minne hajauliza, na kinyozi kaenda kumlipa daktari amchimbe kisogo, ili nywele ziende zikamwombe kwa niaba yake, mwaka mzima wa kusubiri nywele ziseme neno moja ambalo kinywa kilikuwa nalo siku zote, kimekaa nalo, kimefumbwa, kinyozi mzima, mtu wa maneno, anayeongea kutoka saa mbili asubuhi mpaka jioni, kwake mwenyewe kashindwa silabi mbili. Machozi yalishuka kwa pembeni, yakaingia masikioni, kwa sababu ya ile digrii arobaini na tano, na hakuweza kuyafuta. Hakuyapinga. Nesi hakusema lolote kuhusu machozi.

Mtu akagusa bati. Si kugonga, ni ncha za vidole tu, na sauti ya mwalimu ikaja kutoka chini, lazima ameinama, mzee yule na magoti yake. "Kinyozi. Sitaki ufungue. Nilitaka kuuliza tu, uko sawa?" Na jibu lilikuwa tayari limeshafika mdomoni, lilikuja lenyewe, limezoea njia, limevaa viatu, na kinyozi akalisikia kwenye ulimi kabla halijatoka na akafunga meno. Mwalimu alisubiri. Simu kwenye droo haikulia tena. "Basi," mwalimu alisema, "nipo hapa kwenye benchi," na benchi likalia, na baada ya muda Gundi akarudia soli yake, polepole, kama anayejaribu kutomwamsha mtu. Bati lilikuwa chini vilevile, kiti kwenye jino la tatu, taulo mikononi, utosi hewani unawasha, na kinyozi, uso umeangalia dari kama alivyoagizwa, alianza kutikisa midomo bila sauti, akitafuta lile neno lingine lilivyo, lina uzito gani, linaanzia wapi. Rudi. Lilitoka kavu. Akameza mate. Rudi, mama watoto, siwezi kulala. Hakuna aliyesikia, na ilikuwa heri, kwa sababu mara ya kwanza lilitoka kama amri na ya pili kama malalamiko, na Jumapili ilikuwa mbali mno kuingojea, angempigia leo, akishamwita mwalimu ainue bati na kumfungulia fundo la kushoto. Akalirudia mara ya tatu, taratibu zaidi, na lilikuwa neno la kawaida tu.